Preshakuka ya lita 5, mwaka na nusu wa kuitumia wakati kila kitu kimepanda bei

Nianze kwa kusema hii preshakuka, yaani sufuria linalofungia mvuke ndani ili chakula kiive haraka, ni ya kawaida kabisa, ile ya kuweka kwenye moto, ya aluminiamu, lita 5, haina vitufe wala taa, ina mfuniko wa kuzungusha, mpira mweusi wa ndani na kile kidude cha juu kinachopiga filimbi. Sio ya umeme. Jina la kampuni naliacha, malalamiko yangu mtayaona huko mbele, na nachotaka kusema kinahusu preshakuka yoyote ya aina hii. Nyumbani tupo sita, mie na mume wangu, watoto watatu na mama mkwe, mshahara wa uhakika ni mmoja tu maana kazi yangu leo ipo kesho haipo.

Kubanwa kweli kweli kulianza 2022. Mwezi wa 2 vita ya Urusi na Ukraini ikaanza, na hizo nchi mbili zilikuwa zinauzia dunia ngano nyingi na sehemu kubwa sana ya mafuta ya alizeti, mwezi wa 3 fahirisi ya FAO, yaani kipimo cha bei za chakula duniani cha shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikafika juu kuliko wakati wowote tangu waanze kuihesabu mwaka 1990. Kwetu mafuta ya kupikia ndo yalitangulia kutuumiza. Baadae fahirisi ikashuka ila bei ninazolipa mie dukani hazikushuka nayo, na hilo wengi mnalijua.

Nilifanya kile ambacho karibu kila mama anafanya, nikapunguza nyama, nikaanza kununua vipakiti vidogo kwa sababu hela ya kununua kingi kwa mkupuo sina. Na vipakiti vidogo ukipiga hesabu kwa kilo ndo vya bei juu kuliko vyote, yaani asiye na hela analipa zaidi, hili jambo linaniuma mpaka leo. Siku moja nikakaa na daftari nikaandika kila tunachokula na bei yake kwa kilo, nikagundua vile vya bei ya chini kuliko vyote, maharage makavu, dengu, kunde, nafaka nzima, nyama ngumu yenye mifupa, ndo vile ambavyo nilikuwa sivipiki. Sio kwamba hatuvipendi, ila narudi saa kumi na mbili jioni, watoto wana njaa, maharage yanataka masaa mawili motoni, kwa hio nanunua maharage ya kopo, tambi za dakika tano, mkate, nyama ya kusaga. Watu wanatuambia tule vyakula vya bei nafuu, ni kweli vipo, lakini vingi vinataka moto wa masaa, na moto nao unauzwa. Ukiwa huna mda na huna gesi ya kuchezea, hicho chakula cha bei nafuu kinakuwa sio cha bei nafuu tena.

Hapo ndo nikaanza kuitafuta preshakuka. Nilijinyima miezi miwili, bei yake ilikuwa sawa na chakula chetu cha siku tisa, na siku natoka nayo dukani moyo ulikuwa unanidunda, siku tisa za watoto kula nimezishika mkononi ndani ya boksi.

Sasa inafanyaje kazi, kwa wasioijua. Maji kwenye sufuria la kawaida yanachemka kwa digrii 100, hata uongeze moto vipi hayapandi zaidi, na ukikaa sehemu za miinuko yanachemka chini ya hapo, ndo maana huko maharage yanachelewa zaidi. Preshakuka inafungia mvuke ndani, shinikizo linapanda, na maji yanafika kama digrii 115 mpaka 121 kutegemea na sufuria lenyewe. Hizo digrii chache ndo zinageuza masaa mawili kuwa dakika ishirini. Na kitu ambacho sikuambiwa na muuzaji, nimekuja kukijua baada ya mwezi mzima wa kuchoma gesi bure, ni kwamba filimbi ikishalia unapunguza moto mpaka mwisho kabisa, ile ibaki inatoa mvuke kidogo tu. Moto mkubwa baada ya hapo hauivishi haraka, joto la ndani limeshafika kikomo chake, unachofanya ni kusukuma mvuke nje na hela yako nayo inatoka na huo mvuke.

Maharage ndo yamenifanya niipende. Nayaloweka usiku na chumvi kidogo (chumvi haiyafanyi magumu, hio ni imani ya zamani, inalainisha ganda), asubuhi namwaga yale maji, jioni naweka maji mapya yapite juu yake kama vidole viwili, nafunga, filimbi ikilia napunguza, dakika 15 mpaka 20, nazima na kuacha shinikizo lishuke lenyewe maana bado linapika huku moto umezimwa. Kinachoyafanya magumu ni nyanya na limao, asidi ile inazuia yasilainike, kwa hio nyanya naweka mwishoni yakishaiva. Na kama yamekaa ghalani miaka hata preshakuka itahangaika nayo, nunua yenye rangi inayong'aa, yaliyochakaa na yenye mikunjo acha hata ukipunguziwa.

Alafu hesabu yake hii hapa. Nusu kilo ya maharage makavu ukishapika inakupa kama kilo moja na robo. Kopo la gramu 400 ukimwaga maji linabaki na maharage gramu 240 hivi. Kwa hio nusu kilo kavu ni makopo matano, nenda kaangalie bei ya makopo matano hapo unaponunua alafu angalia bei ya nusu kilo kavu, kwangu mie tofauti ilinifanya nikae chini. Napika kingi jumapili, nagawa kwenye vyombo, friji linayatunza siku tatu mpaka nne, kama una friza ni miezi, na jumatano nikirudi nimechoka maharage yananisubiri kama kopo tu. Nayala na wali au nafaka yoyote, kile kinachopungua kwenye protini ya maharage nafaka inacho na kinachopungua kwenye nafaka maharage yanacho, kwa hio kupunguza nyama hakujawa adhabu kwa watoto. Kitu chenye vitamini C pembeni kinasaidia mwili kuchukua madini ya chuma, na chai tumeisogeza mbele kidogo tusinywe pamoja na chakula maana inazuia hayo madini, na hilo halikunigharimu kitu.

Nyama nayo. Sehemu zile ngumu, miguu, shingo, mifupa yenye nyama kidogo, ni ngumu kwa sababu zina kolajeni nyingi (ile protini ya kwenye mishipa na viungo), na kolajeni ikikaa kwenye maji ya moto mda wa kutosha inayeyuka inakuwa kama jeli, mchuzi unakuwa mzito wenyewe na nyama inaachia mfupa. Dakika 40 hivi kwenye hii preshakuka. Nyama laini ya bei juu ukiiweka humo inakuwa kamba, usijaribu. Na kwa vile ni chakula cha kuchemsha mafuta ninayotumia yamepungua karibu nusu, kijiko kimoja cha kukaangia kitunguu basi.

Upande wa gesi, mtungi wetu uliokuwa unakaa wiki tano sahivi unakaa wiki saba, wakati mwingine inapita. Siwezi kusema ni preshakuka peke yake, lakini hakuna kingine nilichobadilisha jikoni.

Malalamiko sasa, na yapo ya kweli. La kwanza na kubwa ni mpira. Ulipofika mwezi wa kumi wa kuitumia ukakauka ukaanza kuvujisha mvuke pembeni, presha haipandi, filimbi hailii, sufuria la bei ile limegeuka sufuria la kawaida. Nikarudi nilikonunua wakaniambia garantii haihusu mpira, na wa akiba hawana, nikapewa wa aina nyingine nikaambiwa utaingia, haukuingia, nikapoteza hio hela. Wiki mbili imekaa tu kabatini na sisi tukarudi kwenye makopo na tambi, niliumia sana kwa sababu mpira ni kitu kidogo kabisa na kila mtengenezaji anajua utakauka. Mtu wa kipato kidogo akishaweka hela ya siku tisa kwenye kitu anastahili kupata kipuri chake. Kwa hio kabla hujalipa uliza kwanza mpira wa akiba upo? Kama upo nunua hapo hapo viwili, kama haupo tafuta preshakuka nyingine. Mie sahivi naosha mpira kwa mkono kila nikimaliza, naukausha, naupaka mafuta ya kupikia kidogo sana, na mfuniko naugeuza juu chini bila kuufunga usije ukabana mpira mda wote.

La pili ni ukubwa. Lita 5 inaonekana nyingi kwenye boksi lakini kwa vyakula vinavyovimba na kutoa povu kama maharage, dengu na nafaka mwisho ni nusu ya sufuria, kwa vingine theluthi mbili. Kwa watu sita nusu ya lita 5 ni mlo mmoja na kidogo tu, kile cha kubaki ndo hakibaki, nalazimika kupika mara mbili jumapili. Familia kama yetu chukua lita 7 au 8 kama unaweza kuvumilia mwezi mwingine wa kuweka akiba. Skrubu za mshikio nazo zinalegea, nakaza kila baada ya wiki chache, na ndani kumekuwa na weusi, alafu aluminiamu na asidi ya nyanya havipatani, stenlesi haina hilo tatizo ila bei yake ipo mbali.

Kuhusu usalama niwe muwazi kwa sababu najua wengi ndo wanachoogopa. Mama mkwe wangu mwanzoni alikuwa hakai jikoni ikiwa motoni. Hatari ya mvuke ilijulikana zamani sana, Denis Papin yule Mfaransa aliyetengeneza ya kwanza mwaka 1679 alikuja kuiwekea na vali ya usalama (kidude kinachofunguka chenyewe presha ikizidi), na za leo zina vali zaidi ya moja. Lakini vali inafanya kazi kama umeitunza. Mwezi wa pili wa kuitumia nilijaza dengu kupita nusu, povu likaziba tundu la mvuke, vali ya usalama ikafunguka na supu ikaruka mpaka dari. Mtoto wangu mdogo alikuwa ametoka jikoni dakika hio hio, namshukuru Mungu. Vali ilifanya kazi yake, kosa lilikuwa langu. Tangu siku hio kabla ya kufunga naangalia mwanga kupitia lile tundu, nisipouona nazibua kwanza, maji hayapungui kikombe kimoja na nusu, na mfuniko haufunguliwi kwa nguvu hata siku moja, ukigoma maana yake bado kuna presha ndani. Watoto hawasogei. Ukikutana na iliyotumika inauzwa rahisi na vali yake imechezewa au imezibwa na kitu, usiinunue hata kwa bei ya bure.

Kuna wenzangu wanaopika kwa kikapu kile cha kufunika sufuria lipike kwa joto lililobaki, ni njia nzuri na haina gharama, ila kwa maharage mekundu muwe makini, yana sumu ya asili, aina ya lektini, ambayo joto la chini haliimalizi, lazima yachemke kwa nguvu kwanza, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inasema dakika 30, ndo uyaingize kwenye kikapu. Vyungu vya umeme vya kupika taratibu ni hivo hivo. Kwenye preshakuka joto linapita hapo kwa mbali kwa hio sina wasiwasi huo.

Za umeme zenye vitufe nimeona kwa jirani, ni nzuri kwa mtu anayeondoka na kuiacha inajizima yenyewe, ila umeme ukikatika chakula kimelala na zikiharibika ni fundi. Hii yangu naweza kuirekebisha na bisibisi.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa ajili ya mpira na namna nilivyojibiwa, na kama wangenibadilishia siku ile nisingekuwa na neno. Mama mkwe sahivi ndo mlinzi wake, nikiwa naogesha watoto nasikia ananiita, "mwanangu, filimbi imelia, nipunguze moto?", na nikitoka nakuta ameshapunguza.