Vibawa vya gia nyuma ya usukani: maoni yangu kutoka barabara ya Iringa

Ukisoma matangazo ya magari yaliyotumika kutoka Japani, muuzaji ataorodhesha siti za ngozi, kamera ya nyuma, rimu kubwa, halafu mwishoni kabisa ataongeza "padoshifti". Anaitaja kama pambo, na mnunuzi anaipokea kama pambo. Ni vile vibawa viwili vilivyokaa nyuma ya usukani, cha kushoto kina alama ya kutoa, cha kulia kina alama ya kujumlisha. Vuta cha kushoto, gari linashusha gia. Vuta cha kulia, linapandisha. Wengi ninaowafahamu wenye magari ya aina hiyo hawajawahi kuvigusa, na waliovigusa walitaka tu kusikia injini inavyonguruma usiku barabara ikiwa tupu. Mimi naviweka kwenye kundi moja na mikanda na breki zenyewe. Ni kifaa cha usalama, na kazi yake kubwa ni kushuka mlima.

Natumia Mitsubishi Outlander, ile ya kizazi cha pili iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2005, injini ya lita 2.4, gia boksi ya CVT, yaani aina ya otomatiki. Naishi Iringa mjini, nauza vitenge na mashuka, na mzigo naufuata mwenyewe Kariakoo. Nikielekea Dar gari linakuwa limebeba viazi, maharage, wakati mwingine debe la asali, na ndugu wawili watatu waliosikia kwamba nasafiri. Nikirudi limejaa marobota. Kwa hiyo nalizungumzia gari lenye uzito, kwenye barabara ambayo dereva yeyote wa nyanda za juu anaiota usingizini.

Katikati ya barabara hiyo kuna Kitonga. Kwa wasioijua: ukitoka Iringa, ukishapita Ilula, nchi inakatika ghafla na barabara inaanza kuteremka kwa kujikunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine korongo. Hii ndiyo barabara kuu ya Zambia na Kongo, hivyo hauko peke yako. Mbele yako kuna semi-trela iliyobeba shaba inaelekea bandarini, inashuka namba moja au mbili, inatambaa. Nyuma yako kuna basi lenye haraka. Vioo vikiwa wazi utaisikia harufu ya pedi za breki zilizoungua kabla hujaliona lori lenyewe limeegeshwa pembeni, tairi za nyuma zinafuka moshi, utingo anazunguka na jiwe la kuzuia.

Sasa nieleze ninavyoshuka. Kabla mteremko haujaanza, bado niko tambarare, navuta kibawa cha kushoto mara moja. Gari likiwa kwenye D, nafasi ya kawaida ya kwenda mbele, linaingia lenyewe kwenye gia za mkono, na kwenye dashibodi inatokea namba ya gia. CVT kwa asili haina gia, ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, lakini Mitsubishi wameipangia hatua sita ambazo dereva anaweza kuzichagua. Navuta tena mpaka nifike tatu. Barabara inapoinama kwelikweli naweka mbili. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda, unakaa karibu na 3,500, sauti inabadilika, na gari zima unahisi limeshikwa kutoka nyuma. Mguu wangu uko juu ya breki bila kuikanyaga. Kwenye kona kali nabana kidogo, naachia. Tukifika chini kwenye mibuyu, rimu zimepata joto la kawaida tu, hakuna harufu, na pedali ya breki iko juu na ngumu kama ilivyokuwa pale Ilula.

Sababu yake ni rahisi. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia nzito, yaani ya namba ndogo, tairi ndizo zinazoizungusha injini. Injini inalazimika kunyonya hewa kupitia mlango uliokaribia kufungwa kabisa, na kazi hiyo inakula mwendo wa gari. Nguvu ambayo ingegeuka kuwa joto kwenye diski inaishia kwenye injini, ambayo ina maji na rejeta ya kuipoza. Breki zinabaki baridi kwa ajili ya dharura: nyani aliyeruka barabarani, basi lililotanua kwenye kona. Breki ikichemka, pedi zinapoteza ubanaji, na mafuta ya breki yakifikia kuchemka yanatoa mapovu, pedali inakuwa laini na kuzama hadi sakafuni. Dereva wa lori analijua hili tangu siku ya kwanza kazini. Sisi wa magari madogo ya otomatiki ndio tunashuka na D, mguu umekwama kwenye breki kilomita nzima, kwa sababu tuliambiwa gari la oto linajiendesha lenyewe.

Kuna tabia nyingine mbaya zaidi na nataka niiseme kwa ukali. Watu wanaweka frii kwenye mteremko. Wanasogeza gia kwenye N ili "kuokoa mafuta". Nimepanda gari na mjomba wa watu, mtu mzima mwenye familia, anashuka Nyang'oro na N huku ananieleza jinsi anavyobana matumizi. Kwanza, haokoi kitu. Magari ya injekta yakiwa kwenye gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa mradi mizunguko iko juu, kwa kuwa tairi zinatosha kuizungusha injini. Ukiweka N, injini inabidi inywe mafuta ili isizime. Pili, umeitupa breki ya injini yote na kubakiwa na pedi peke yake. Waliowahi kuishi karibu na miteremko ya Mbalizi kule Mbeya hawahitaji kuelezwa breki zikigoma kinachofuata ni nini.

Hofu hii ya kugusa vibawa nadhani imetokana na historia yake. Kifaa hiki kilitoka kwenye mbio za magari. Ferrari walikiweka kwenye gari lao la Fomula 1 la mwaka 1989, lililobuniwa na Mwingereza John Barnard, na Nigel Mansell akashinda nalo mbio za kwanza kabisa za msimu, Brazil. Mwaka 1997 kikaingia kwenye F355 ya barabarani, na kutoka hapo kikashuka taratibu mpaka kwenye magari ya kina sisi. Kwa hiyo mtu akiviona anafikiria kijana anayekimbiza gari. Lakini kwenye gari la familia kibawa cha kulia, cha kupandisha, mimi karibu sikitumii. Kompyuta inapandisha gia vizuri kuliko mimi. Kompyuta isichoweza ni kuona kona iliyo mbele. Magari kama langu hayajui kwamba baada ya lile jiwe jeupe barabara inaanguka. Mimi najua, na kibawa cha kushoto ndiyo njia yangu ya kuliambia gari.

Jambo moja ambalo matangazo hayalitaji: vibawa viko vya aina mbili. Vingine vimefungwa kwenye usukani wenyewe na vinazunguka nao. Vingine, kama vya Outlander yangu, vimefungwa kwenye nguzo ya usukani na havisogei, ni virefu, vya chuma, vinajaza vidole. Kwa barabara za milima nachagua vilivyotulia, bila kusita. Ukiwa katikati ya kona na usukani umeugeuza nusu mzunguko, cha kushoto bado kiko kushoto. Niliwahi kuendesha gari la shemeji lenye vile vidogo vya plastiki vinavyozunguka na usukani, kupandisha Lushoto kutoka Mombo. Barabara ile ni kona juu ya kona, na kila mara nilipovihitaji ilibidi kwanza nifikirie kiko wapi sasa, juu au chini. Kwenye barabara iliyonyooka tofauti hiyo huioni.

Kwenye kuovateki vinasaidia pia. CVT ukiikanyaga ghafla huwa inajivuta kidogo kabla ya kuitika, na muda huo mdogo mbele ya lori la mita kumi na nane si mdogo. Nikiona nafasi inakaribia, nashusha gia mbili kabla sijatoka kwenye mstari wangu, injini inakuwa tayari imeamka. Nikishapita na kurudi upande wangu, navuta kibawa cha kulia na kukishikilia kama sekunde mbili, namba inapotea kwenye dashibodi na gari linarudi D. Vilevile kwenye vibao vya 50 kabla ya vijiji: ukishusha gia moja mapema mwendo unapungua wenyewe, na askari mwenye tochi anakukuta umeshatulia.

Tahadhari ninazo mbili, na zote ni za kweli. Breki ya injini haiwashi taa za nyuma. Aliye nyuma yako haoni kwamba unapunguza mwendo, kwa hiyo gusa breki kidogo ili taa ziwake, hasa ukiwa na basi mgongoni. Na mvua ikinyesha, au barabara ikiwa na tope, usishushe gia mbili kwa mkupuo kwenye kona. Tairi zinazosukuma gari zinaweza kuteleza, tena huna breki ya kuachia ili zishike tena. Shusha ukiwa umenyooka, moja moja.

Mafundi wawili watatu wameshaniambia kwamba nitaiua gia boksi. Nimewasikiliza, maana gia boksi ya CVT ikifa ni msiba wa fedha, na watu wengi wanaishia kutafuta iliyotumika. Lakini kompyuta ya gari hili inakataa kushusha gia kama mizunguko itapita kiasi. Inalia kengele na kubaki ilipo. Kinachoua CVT mapema ni oili chafu, oili isiyo yake, na joto. Mimi natumia oili ya CVT ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, ambalo kwa hili ni CVTF-J1, na sikubali kuwekewa oili ya otomatiki ya kawaida hata fundi aape. Na sisemi kwamba navuta vibawa ili pedi zidumu. Pedi ni za bei nafuu kuliko gia boksi, hilo fundi ana haki. Navivuta ili siku nitakapokanyaga breki kwa nguvu zote nizikute zipo.

Kama maisha yako yote ni Mbezi hadi Posta, ndani ya Dar, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya kifaa hiki. Kwenye foleni hakina kazi. Utakivuta wiki ya kwanza na kukisahau. Vilevile usikate tamaa kama gari lako halinacho. Toyota nyingi za otomatiki ya gia nne zina kitufe cha O/D (cha kuruhusu au kuzuia gia ya juu kabisa) kwenye mkono wa gia, pamoja na nafasi za 2 na L. Zima O/D, ukizidiwa na mteremko weka 2, na utapata breki ya injini ileile. Hybridi nyingi za Toyota zina herufi B, na kazi yake ni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kwa vibawa mikono yote miwili inabaki kwenye usukani, na unapata hatua nyingi zaidi za kuchagua. Kwa mtu wa Iringa, Mbeya, Njombe, Lushoto, tofauti hiyo naona inastahili kulipiwa.

Ukienda kununua, usiridhike kuviona. Omba uendeshe. Gari likiwa D, mwendo wa kama 40, vuta cha kushoto: namba itokee kwenye dashibodi na usikie injini inapanda mara moja bila kugonga wala kusita. Jaribu na cha kulia. Kama namba haitokei, inaweza kuwa ni waya tu, au swichi ndani ya kibawa imekufa. Mwambie muuzaji arekebishe kabla hujalipa. Gari likigonga au kutetemeka wakati wa kushusha, hapo tatizo si kibawa, ni gia boksi yenyewe, na mimi ningeondoka bila kuuliza bei.