1849: Gemu ya Mji wa Dhahabu Ambako Tajiri ni Mwenye Duka

Mambo vipi wapenzi wa gemu, karibuni tena. Leo hakuna bunduki, hakuna mpira, hakuna magari ya kufukuzana. Leo tunajenga mji, na si mji wowote tu, ni mji wa machimbo, kule California, Marekani, miaka ile dhahabu imewapanda watu kichwani. Gemu yenyewe inaitwa 1849. Jina ni mwaka, basi. Ilitoka 2014, waliotengeneza ni SomaSim, kampuni ndogo ya Robert Zubek na Matthew Viglione. Hao hao ndio baadaye walitoa Project Highrise, ile ya kujenga ghorofa, halafu City of Gangsters.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hapo chini, "Kaka, gemu ya zamani hivyo unaichambua leo ya nini?" Tulia. Wengi wetu tunatumia laptop za mtumba. Ukijaribu kufungua gemu mpya za kujenga miji, feni inaanza kulia kama mashine ya kusaga, na kabla hujachora barabara ya kwanza skrini imeganda. Hii inafunguka. Ni nyepesi, picha zake ni za kuchorwa, unautazama mji kwa juu kidogo kwa pembeni, na haihitaji kadi ya picha ya bei mbaya. Iliundwa pia kwa ajili ya tableti, na inaonekana: vitufe ni vikubwa, kila kitu ni kubonyeza tu. Kwenye kompyuta vitufe hivyo vinachosha macho kidogo, lakini utazoea.

Sasa, kwa nini 1849? Maana dhahabu yenyewe ilionekana mwaka mmoja kabla. Tarehe 24 Januari 1848, seremala mmoja, James Marshall, alikuwa anasimamia ujenzi wa kiwanda cha kupasua mbao cha bwana John Sutter, pale Coloma, kando ya mto American. Akakagua mfereji wa maji, akaona vitu vinang'aa. Sutter alitaka jambo libaki kimya, kwa sababu yeye alikuwa na mashamba na mifugo, alijua vibarua wakisikia watamwacha. Wakasikia, wakamwacha. Mwishoni mwa mwaka Rais Polk akalithibitisha mbele ya Bunge, na mwaka uliofuata ndipo dunia nzima ikaanza kumiminika: wa kuja kwa magari ya ng'ombe, wa kuzunguka na meli kule chini kabisa Cape Horn, wa kukatiza Panama, na wengine kutoka Chile, Mexico, China, Australia. Kufikia 1855 watu kama laki tatu walikuwa wameingia California. San Francisco, iliyokuwa na watu wapatao elfu moja mwanzoni mwa 1848, ndani ya miaka miwili ilikuwa na zaidi ya elfu ishirini.

Kwa hiyo mtu anafungua gemu akidhani atachimba dhahabu mpaka achoke. Na hapo ndipo gemu inapompiga chenga.

Inakupa kipande cha ardhi, pesa kidogo, na kazi ya kutimiza: fikisha watu kadhaa, au kusanya kiasi fulani, kisha mji unahesabika umefaulu na unahamia mwingine kwenye ramani. Unachora barabara, unaweka vibanda vya wafanyakazi, unaweka sehemu ya kuosha mchanga wa dhahabu. Dhahabu inaingia, unafurahi. Dakika chache baadaye watu wanalalamika hawana chakula. Unaweka shamba. Shamba linataka wafanyakazi, wafanyakazi wanataka vibanda, vibanda vinataka mbao, mbao zimekwisha. Halafu wakishashiba wanataka pombe, wanataka nguo, wanataka duka la karibu. Kadiri nyumba inavyopanda hadhi ndivyo inavyodai zaidi, na ukishindwa kuitimizia inashuka tena na kipato chako kinashuka nayo.

Waliozoea gemu za zamani za miji ya Kirumi na ya Misri wataujua mpangilio huu mara moja. Kitu kimezalishwa hapa, kinasindikwa pale, kinauzwa kule, na kila huduma ina eneo lake, ukijenga nyumba mbali nayo imekula kwako. Hakuna jipya sana hapo.

Kilicho kitamu ni skrini ya biashara, na hapa nitakaa kidogo. Kila mji kwenye ramani una miji jirani. Unalipa kufungua njia ya biashara na mji mmoja, kisha unaweka maagizo: bidhaa hii iingie ghala likipungua, bidhaa ile itoke ikizidi. Ukishaweka, inajiendesha. Sasa utamu ni huu: miji haifanani. Kuna mji wenye misitu ya kutosha lakini ardhi ya kulima hakuna. Kuna mwingine una mashamba mazuri na dhahabu ya kubahatisha. Ukiingia kwenye mji usio na miti ukaanza kujenga hovyo, kila ubao unaagiza kwa pesa, na pesa ya mwanzo inaisha kabla hujaona punje ya dhahabu. Utatazama mizani yako ikienda chini pole pole, hakuna mtu wa kumlaumu.

Dawa yake ni kufikiri kama mwenye duka. Unajiuliza: jirani yangu ananunua nini kwa bei nzuri, na mimi naweza kukitengeneza kwa gharama ndogo? Mara nyingi jibu si dhahabu. Inaweza kuwa chakula, inaweza kuwa pombe, bidhaa iliyopita kiwandani badala ya malighafi. Ukishapata hiyo moja, unaijengea mnyororo wake mpaka mwisho, na dhahabu inabaki kuwa ya ziada. Mimi miji yangu mizuri zaidi dhahabu ilikuwa kapembeni tu, machimbo mawili matatu nyuma ya kilima.

Na hii si ubunifu wa watengeneza gemu, ndivyo mambo yalivyokuwa. Mtu aliyetajirika kwanza kabisa kule hakuwa mchimbaji. Alikuwa Sam Brannan, mwenye duka pale Sutter's Fort, ngome ya yule yule bwana Sutter. Alisikia habari mapema, akajaza duka lake sururu, machepe na makarai, kisha Mei 1848 akaenda San Francisco akatembea mitaani ameshika kichupa cha dhahabu, anapaza sauti kwamba imepatikana mto American. Kila aliyekimbilia huko ilibidi apite dukani kwake. Anatajwa kuwa milionea wa kwanza wa California. Levi Strauss naye alifika San Francisco 1853 kufanya biashara ya vitambaa, si kuchimba. Wale waliosimama ndani ya maji ya baridi mpaka magotini wakitikisa karai, wengi wao walirudi kwao na baridi yabisi. Watazamaji wangu wa Geita na Kahama, kwenye machimbo yetu ya dhahabu Tanzania, hawahitaji kuhadithiwa hili. Rashi ikitokea, yaani watu wakikimbilia dhahabu mpya, anayelala na hela mfukoni kila siku ni mama ntilie na mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe.

Kwa hiyo kwenye uchumi, gemu imeelewa somo lake vizuri kuliko gemu nyingi kubwa. Kwenye mengine, hapana.

Moto kwa mfano. Upo, majengo yanaungua, na dawa yake ni kuweka kituo cha zimamoto karibu, kisha unasahau. Wahalifu vivyo hivyo, unaweka sherifu. Jamani, San Francisco iliungua mara kadhaa kati ya Desemba 1849 na Juni 1851! Mji wa mahema na mbao kavu, upepo wa baharini, taa za mafuta. Ule moto wa mwanzoni mwa Mei 1851 ulifagia sehemu kubwa ya mji. Meli inayoitwa Niantic, iliyokuwa imeachwa ufukweni kwa sababu mabaharia nao walikimbilia machimboni, ilikuwa imegeuzwa ghala, nayo ikaungua humo humo, na juu ya mabaki yake ikajengwa hoteli. Hebu fikiria gemu ikupe hilo: bandari imejaa meli zisizo na watu, na wewe huna mbao, unaamua kuzigeuza majengo. Ningelipia hiyo tena kwa furaha. Hapa haipo.

Halafu ardhi. Kila mji unaoanza, ardhi iko wazi, haina mtu, inakusubiri. Hapa nilikuwa nakunja uso kila mara. California ilikuwa na wenyewe. Wenyeji wa asili wanakadiriwa walikuwa kama laki moja na nusu dhahabu ilipoonekana, na kufikia 1870 walibaki kama elfu thelathini. Magonjwa, njaa, kufukuzwa, na mauaji ya wazi ambayo serikali ya jimbo iliyalipia. Mwaka 1850 ikapitishwa sheria yenye jina zuri la kuwalinda Wahindi Wekundu, ambayo kazi yake ilikuwa kuruhusu watumikishwe. Mwaka huo huo wachimbaji wa kigeni wakatozwa kodi ya dola 20 kwa mwezi, iliyowalenga Wamexico na Wachile, na baadaye Wachina wakawekewa yao. Sisemi gemu ya kubonyeza vitufe igeuke darasa. Ila hii ni gemu ya uchumi, na kodi ya mchimbaji mgeni ni uchumi mtupu. Ingekuwa ni uamuzi wa mchezaji: ukiitoza, hazina inajaa leo, kesho wachimbaji wameondoka na maduka yamekosa wateja. Ndivyo ilivyotokea kweli, mpaka ikabidi waiondoe 1851.

Uchafu nao haupo. Wachimbaji walitumia zebaki kukamata unga wa dhahabu, kama inavyofanyika mpaka leo kwenye mialo yetu ya kuoshea dhahabu, na mito ya kule bado inaibeba. Kuanzia 1853 wakaanza kupiga milima kwa mabomba ya maji yenye nguvu, tope likateremka mpaka kwenye mashamba ya bondeni, wakulima wakahangaika miaka mingi hadi mahakama ikazuia mwaka 1884. Kwenye gemu unachimba mgodi juu ya mto na shamba la chini linastawi vile vile.

Lakini kinachoniuma zaidi ni namna miji inavyoisha. Unatimiza lengo, unapongezwa, unaondoka. Yaani gemu inakutoa mjini ukiwa kileleni. Sasa mji wa dhahabu bila anguko ni mji gani? Nenda Bodie, kule kule California: mwishoni mwa miaka ya 1870 ulifurika watu, leo ni hifadhi, nyumba zimesimama tupu na vitu vyake ndani. Hapa kwetu uwanja wa dhahabu wa Lupa, Chunya, ulivuma miaka ya 1930 kisha ukanyamaza kwa muda mrefu. Ningependa gemu inilazimishe kubaki: mwamba wa dhahabu umekwisha, watu wanaanza kufungasha, sasa mji utaishi kwa nini? Na kwa kuwa mfumo wa biashara tayari upo na ni mzuri, walikuwa hatua moja tu kufika huko. Badala yake kila baada ya muda unaanza upya, vibanda, shamba, ghala, vibanda, shamba, ghala. Ukifika katikati ya ramani mikono inafanya yenyewe. Kuna hali huru ya kujenga bila malengo, ila nayo inakosa msukumo huo huo.

Kuna nyongeza, inaitwa Nevada Silver, inakuhamishia upande wa pili wa milima kwenye machimbo ya madini ya fedha, na inaleta reli. Hiyo naipenda kuliko gemu mama. Historia yake ni ya Comstock, mwamba wa fedha uliojulikana 1859, migodi ya kwenda chini sana, si ya kuosha mchanga mtoni. Ilihitaji magogo ya kushikilia miamba mpaka misitu ya kuzunguka ziwa Tahoe ikapukutishwa. Mazingira ni makavu zaidi, kwa hiyo utegemezi wa biashara ni mkubwa zaidi, na huko ndiko gemu hii ina nguvu.

Alama? Saba kwa kumi, na nne kati ya hizo ni za skrini ya biashara peke yake. Usinunue kwa bei kamili, subiri punguzo, na ukikuta imewekwa pamoja na nyongeza yake, chukua hiyo. Kama unapenda vita na majanga ya kukutoa jasho, pita tu. Kama una laptop ya kawaida, muda wa saa moja hivi wa kucheza jioni, na unapenda kupanga ghala mpaka kila kitu kitiririke, itakufaa sana. Kiingereza chake si kigumu.

Na ukianza, nisikilize hili moja: kabla hujaweka kibanda hata kimoja, simamisha muda, fungua orodha ya majirani uone wananunua nini. Chagua bidhaa moja. Weka ghala karibu na barabara kuu, acha nafasi pande zote mbili, maana utajuta ukiibana. Dhahabu iache ikae kwanza, haiozi. Haya, wiki ijayo naifungua Project Highrise, wenye maswali kuhusu laptop inayofaa yaandikeni hapo chini, nitayajibu humo.