Koleo la kulishia nyoka, nimelitumia miezi mitatu sasa

Mi ni mgeni kwenye kufuga chatu, nina wale wadogo wanaojikunja kama mpira wakiogopa, na mara ya kwanza kumlisha nilishika panya kwa vidole, chatu akaning'ata mkono. Si kosa lake jamani, ana vitundu mdomoni vinavyohisi joto, mkono wa moto na panya wa moto kwake ni vilevile. Basi nikanunua hili koleo la sentimita 38 na aisee limenisaidia sana. Panya wa friza namyeyusha kwenye friji usiku kucha halafu namtia kwenye mfuko nazamisha maji ya moto mpaka afike kama digrii 38, maikrowevu hapana kabisa, namshika na koleo namtingisha kidogo, chatu anadaka mwenyewe. Ncha zina raba hata akikosa shabaha haumizi mdomo. Ubaya springi ngumu, mkono unachoka ukisubiri, na raba moja ishaanza kuachia so naikagua kila mara asije akaimeza. Panya asizidi unene wa mwili wa chatu, na akishakula msimshike siku mbili, anaweza kutapika. Nyota nne.