Simu ya Dubai ikizima: uirudishe Deira au umpe fundi wa Kariakoo?

Simu iliyonunuliwa Deira, mtaa wa maduka kule Dubai, ikizima ikiwa bado ndani ya waranti, kuna watakaokwambia uirudishe ilikotoka, na watakaokwambia umpe fundi Kariakoo yaishe. Kwangu mimi, inategemea kilichoharibika.

Kwa gharama, waranti inashinda bodi (saketi kuu ya simu) ikifa, maana kuibadilisha mtaani kunaweza kukaribia bei ya simu nyingine. Ila kwa kawaida haigusi kioo kilichopasuka wala simu iliyoingia maji, na nauli ya mzigo mara nyingi ni juu yako. Kioo, betri, tundu la chaji: hapo fundi hana mpinzani, na huenda ukaondoka nayo siku hiyohiyo.

Kwa upande wa uhakika, kampuni hufunga spea zake yenyewe. Kwa fundi, mwombe aifungue mbele yako na akuonyeshe spea kabla hajaifunga, lakini ukishaifungua usiitegemee waranti tena. Soma karatasi kwanza: waranti nyingi za simu ni za nchi iliponunuliwa, tofauti na baadhi ya kompyuta mpakato zenye waranti ya kimataifa. Bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi.

Betri iliyovimba usiisafirishe kabisa. Betri za lithiamu zenye hitilafu ya namna hiyo haziruhusiwi kwenye ndege.

Una ndugu Dubai wa kufika dukani na risiti, na una simu nyingine ya kushikia? Irudishe. Kama M-Pesa na wateja wako wote wako humo, nenda kwa fundi.