Round 2 ya The Stylistics: sauti moja mbele, nne nyuma yake

Albamu ya kwanza ikishapendwa mno, ya pili huwa mzigo. The Stylistics, waimbaji watano wa soul, muziki wa hisia wa Wamarekani weusi, kutoka Philadelphia, walikuwa wamekwisha kusikika kila mahali kwa "You Are Everything" na "Betcha by Golly, Wow" walipotoa Round 2 mwaka 1972. Walibaki na mtayarishaji yuleyule, Thom Bell, na mtunzi yuleyule wa maneno, Linda Creed, wakarekodi katika studio ya Sigma Sound ya mji wao. Kwangu, albamu hii imetulia kuliko iliyoitangulia, na huzuni yake imezama zaidi.

Msingi wa yote ni sauti ya Russell Thompkins Jr., nyembamba na ya juu, ile ambayo wanamuziki huiita falseto. Waimbaji wengi huitumia sauti hiyo kama pambo, wakaipandia mwishoni mwa wimbo ili kuwasisimua wasikilizaji. Thompkins huishi humo, hutamka kila silabi kwa utulivu, na hapandishi hisia kabla maneno yenyewe hayajamruhusu. Katika "I'm Stone in Love with You" anatamani kuwa nyota wa sinema, mfanyabiashara wa kutisha, hata mwenye nyumba ya kwanza mwezini (mwaka huohuo wanaanga wa Marekani walikuwa bado wanakwenda huko), na tamaa zote hizo anazitaja kwa upole wa mtu ambaye haja yake ni moja tu: kupendwa. Mwimbaji mwenye kishindo angeufanya wimbo huu uwe majigambo.

Bell anastahili sifa sawa na hizo. Wanamuziki wa studio, ambao baadaye walijulikana kwa jina la MFSB, wanapiga kwa kiasi: gitaa la besi linatembea polepole, ngoma hazimsukumi mwimbaji, na fidla huingia pale tu anapovuta pumzi, zikaondoka kabla hajarudi. Sikiliza "Break Up to Make Up", wimbo wa wapenzi wanaonuniana na kupatana bila kikomo, ambao Bell na Creed waliutunga pamoja na Kenny Gamble. Ubeti unalalamika chini kwa chini, halafu kiitikio kinafunguka na sauti zote zikaingia, kana kwamba majirani nao wamechoshwa na ugomvi huo. Hapo ndipo kundi linaposikika kweli kuwa kundi.

Kwa bahati mbaya, hapo ni pachache. Airrion Love, Herb Murrell, James Smith na James Dunn wamewekwa nyuma karibu muda wote, wakiitikia kwa ustadi lakini bila nafasi ya kumjibu kiongozi wao. Kwamba jambo hilo liliwezekana linajulikana kutokana na "You Make Me Feel Brand New" ya albamu iliyofuata, ambamo sauti nzito ya Love inatangulia na ile ya Thompkins inapokea.

Nyimbo za kuazima zimefanikiwa kwa viwango tofauti. "You'll Never Get to Heaven", wimbo wa Burt Bacharach na Hal David ambao Dionne Warwick aliuimba mwaka 1964, umepunguzwa mwendo hadi onyo lililomo ndani yake likageuka kuwa ombi. "It's Too Late" ya Carole King, kinyume chake, haikuongezewa kitu ambacho msikilizaji wa ile ya kwanza atakikumbuka, na "Peek-a-Boo" ni wimbo mwepesi unaopita bila kuacha alama.

Wimbo ninaourudia kila mara ni "Children of the Night". Una urefu wa karibu dakika saba, unawahusu wapweke ambao usiku ndio kimbilio lao, na Bell hakuufupisha ili upate kupigwa redioni. Thompkins anaimba kana kwamba hataki kumwamsha mtu wa chumba cha pili, na waitikiaji wake, ambao mahali pengine nimewalilia nafasi, hapa wanafaa kubaki mbali vilevile walivyo, kama watu wanaosikika kutoka upande wa pili wa barabara. Usiusikilize mchana.