Uchambuzi: Lost in the Andes, kitabu cha bata cha Carl Barks

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nina kitabu hiki hapa, Donald Duck: Lost in the Andes, kazi za Carl Barks, kimetolewa na kampuni ya vitabu ya Fantagraphics mwaka 2011, jalada gumu, ndani rangi mwanzo mwisho. Na kabla hujasema aah hao bata wa Disney si mambo ya watoto, nipe dakika chache tu, maana mimi huyu mzee namweka juu kabisa kati ya watu waliowahi kuchora katuni, na sababu zangu utaziona humu humu kwenye kurasa.

Kwanza mjue ni nani. Barks kazaliwa 1901 kwa wakulima huko Oregon, Marekani, masikio yakamsumbua tangu utotoni, akapiga vibarua vya kila namna, shamba, kukata miti, kiwanda cha uchapaji, mpaka 1935 akaingia studio ya Disney. 1942 akaacha, akahamia San Jacinto kule California na mpango wa kufuga kuku, huku anachora komiki za Donald kwa ajili ya Western Publishing, kampuni iliyokuwa inachapisha komiki za Disney. Na humo kwenye komiki jina lake halikuwepo. Jina lililokuwepo ni la Walt Disney peke yake. Miaka ya mwanzo ya 50 jarida moja tu kati ya yale aliyochorea, Walt Disney's Comics and Stories, lilikuwa linatoka nakala zaidi ya milioni 3 kwa mwezi, yaani mamilioni ya watoto wanamsoma na hakuna anayemjua, ila watoto si wajinga, macho yao yaliona kabisa kuna bata waliochorwa na mkono mwingine, wakawa wanamwita tu yule mchoraji mzuri wa bata. Ilipofika 1960 ndio baadhi ya wasomaji wakamtafuta mpaka wakampata. Kwa hiyo mimi nikiona jina lake hapa kwenye jalada, wazi kabisa, nafurahi kweli.

Haya, hadithi yenyewe, ile iliyokipa kitabu jina. Ni ya 1949, kurasa 32. Donald ni mfagiaji jumba la makumbusho, anapangusa mawe ya pembe nne, moja linamponyoka, linapasuka, kumbe ni yai! Yai la pembe nne! Wanafunga safari kwenda Peru kutafuta kuku anayetaga hayo mayai. Sasa sogea uangalie hapa, wako melini, mkuu wa msafara anataka kimanda, anamwagiza msaidizi wake, msaidizi anamwagiza wa chini yake, amri inashuka hivyo hivyo mpaka inamwangukia Donald, na Donald kwa vile hana wa chini yake anawatupia wapwa zake watatu, na wapwa nao wanakwenda kupika yale mayai ya makumbusho, ya kale hayo, wakubwa wa msafara wanaugua. Mtu yeyote aliyewahi kuwa mdogo kuliko wote ofisini ataielewa hiyo bila kuelezwa. Na matokeo yake Donald, yule wa mwisho kabisa, ndiye anajikuta anaongoza msafara.

Halafu tazama uchoraji. Bata mwenyewe ni mistari michache sana, duara la kichwa, mdomo, macho makubwa, ila Barks anauinamisha mdomo kidogo tu na wewe unajua huyu kakata tamaa, au anajidai, au anataka kulipuka. Nyuma ya hao bata milima ni milima kweli, majengo ya mawe yana uzito, maana alikuwa anatazama picha za jarida la National Geographic kabla ya kuchora. Wanaingia kwenye ukungu, wanatokea kwenye bonde ambalo kila kitu ni pembe nne, nyumba, watu, na ukitengeneza kitu cha mviringo hilo ni kosa la jinai. Wapwa wana bigijii mdomoni... naishia hapo, msome wenyewe.

Sasa kuna jambo lazima niliseme. Humu ndani kuna hadithi nyingine ndefu, Voodoo Hoodoo, ya 1949 pia, na Waafrika waliomo wamechorwa vibaya, midomo imevimbishwa, wamefanywa watu wa kuchekwa, ule ubaguzi uliokuwa umejaa kwenye katuni za Marekani wakati ule. Inaniuma, sitaki kuifunika. Na kinachouma zaidi ni kwamba kisa chenyewe kinamtia hatiani Scrooge, yule mjomba tajiri wa Donald, ndiye aliyewanyang'anya wale watu ardhi yao kwa nguvu, na ndio maana wanamtafuta. Yaani Barks alijua kabisa nani kamkosea nani, na bado kalamu ikamdhalilisha aliyekosewa. Ukimpa mtoto kitabu hiki kaa naye kwenye hiyo hadithi, muisome pamoja, muongee.

Kuhusu kitabu chenyewe: karatasi haing'ai, rangi zimepakwa bapa kama za zamani, hazifuniki mistari, na mimi hivyo ndivyo ninavyopenda. Nyuma kuna makala za wachambuzi zinazoeleza hadithi, zisome baada ya hadithi si kabla. Kiingereza chake chepesi. Angalizo moja, huu ni mfululizo na walianza kutoa juzuu ya 7, ndiyo hii, kwa hiyo ukiona namba usihangaike kutafuta ya 1, kila juzuu inasimama yenyewe. Mimi nanunua tena bila kufikiria mara mbili. Ukishaimaliza hii chukua Only a Poor Old Man, juzuu ya 12, hapo ndio utakutana na Scrooge anayeogelea kwenye hela zake, na hiyo ndiyo nitakayoichambua video ijayo.