ICU au wodi ya kawaida kwa aliyeumia uti wa mgongo?

Aliyevunjika shingo huweza kufika hospitali akiongea vizuri tu, ndugu wakashangaa kwa nini anapelekwa ICU. Sababu kubwa ni pumzi. Neva za kiwambo, ule msuli mkuu wa kuvuta hewa, hutoka kwenye uti wa shingo, ngazi ya 3 hadi 5. Uvimbe ukipanda, aliyekuwa akiongea huanza kukata maneno katikati na kukohoa bila nguvu. ICU kuna mashine ya kupumulia na mtu wa kuliona hilo mapema. Wodini, muuguzi mmoja na vitanda vyote vile, litapita bila kuonekana.

Kisha presha. Jeraha la juu huishusha pamoja na mapigo ya moyo, tofauti na aliyepoteza damu, ambaye moyo humwenda mbio. Madaktari wengi hulenga presha ya wastani (MAP, si ile namba ya juu ya kipimo) ya 85 hadi 90 kwa siku 7 za mwanzo, kwa dawa ya dripu inayorekebishwa kila mara. Wodini haiwezekani.

Kumgeuza kila saa 2, mwili mzima kama gogo, mpira wa mkojo, sindano za kuzuia damu kuganda: hayo wodi inayaweza. Aliyeumia kiunoni, presha imetulia na hana majeraha mengine makubwa, sioni haja ya kumlipia ICU.